Mji Uliokula kwa Jiwe Moja

(Maneno ya somo la redio kwa watu wazima)

  Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, sogeeni karibu na redio, na kama mwalimu wenu anayo ramani ya Ulaya, na aitundike ukutani, kwa maana leo tunakwenda mbali.

Tafuteni kisiwa cha Uingereza. Upande wake wa magharibi iko nchi ya Welisi, nchi ya milima, kondoo na mvua nyingi. Wawelisi wana lugha yao wenyewe, Kiwelisi, na mtu ajuaye Kiingereza tu akiwasikia wakizungumza haambulii kitu. Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, yapata maili tano kutoka mji wa pwani uitwao Bangor, kuna bonde la mto Ogwen, na bondeni kuna mji mdogo uitwao Bethesda. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo: ni lile birika la Yerusalemu ambako wagonjwa walilala wakingoja maji yatibuliwe. Mji uliitwa hivyo kwa sababu ya kanisa lililojengwa mwaka 1820 kando ya barabara kuu, na nyumba za watu zikaja kulizunguka.

Mbele ya mji huo mlima umekatwa. Umekatwa vipandio vikubwa vikubwa, kimoja juu ya kingine, kila kimoja chapata futi 60 kwenda juu, hata ukitazama kwa mbali utadhani jitu lilitaka kujijengea ngazi ya kupandia mbinguni likachoka njiani. Hilo ndilo chimbo la Penrhyn. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa hapakuwa na chimbo la mawe ya namna ile lililokuwa kubwa kuliko hilo ulimwenguni kote. Urefu wake ulikaribia maili moja, na watu karibu 3,000 walipata riziki yao humo. Leo wanaofanya kazi humo ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Mtu akisikia habari za mji wa machimbo uliodhoofika, husema upesi, “Bila shaka mawe yalikwisha.” Hapa sivyo. Mawe ya Bethesda hayajaisha hata leo. Basi ni nini kilichoupunguza mji ule? Hilo ndilo swali letu jioni hii, nanyi lishikeni mpaka mwisho.

Kwanza tulijue jiwe lenyewe. Wazee waliosoma zamani, kabla madaftari hayajawa mengi, wamepata kulishika mikononi. Kile kibao cheusi chenye fremu ya mti, ambacho mtoto aliandikia hesabu zake kisha akafuta kwa kitambaa (na mwalimu akigeuka, kwa mate), kilikuwa ni bamba la jiwe liitwalo sileti. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, jiwe hilo lilikuwa tope laini chini ya bahari. Likafunikwa na tope jingine juu yake, likagandamana. Kisha ardhi ilipojikunja na kuinua milima, likaminywa kwa nguvu nyingi mno, hata chembe zake zote zikalala upande mmoja kama kurasa za kitabu. Kwa hiyo jiwe hili lina tabia ambayo mawe mengi hayana: linafunguka. Fundi hulikalisha bonge la jiwe mbele yake, akatia patasi pana ukingoni, akagonga kwa nyundo ya mti, nalo likapasuka sawasawa kati kwa kati. Zile nusu akazipasua tena, na tena, mpaka akapata mabamba membamba lakini magumu, yasiyopitisha maji. Bamba likikatwa kingo zake na kutobolewa matundu mawili ya misumari, hapo ni kigae cha kuezekea nyumba. Kigae kizuri cha Penrhyn, chenye rangi ya zambarau iliyoelekea buluu, hukaa juu ya paa miaka mia na zaidi.

Vigae vilipewa majina kwa kadiri ya ukubwa wake, nayo yalikuwa majina ya cheo ya mabibi wakubwa wa Kiingereza. Kigae cha inchi 24 kwa 12 kiliitwa Duchess, cha inchi 20 kwa 10 kiliitwa Countess, na cha inchi 16 kwa 8 kiliitwa Lady. Hivyo fundi wa Kiwelisi, aliyejaa vumbi tangu kichwani hata viatuni, alishinda kutwa akiwachonga mabibi wakubwa na kuwapanga kwa mamia ukutani.

Zamani watu wa bonde lile walichimba vishimo vyao vidogo mlimani, mmoja hapa, wawili pale, wakilipa kodi kidogo kwa mwenye ardhi. Mambo yakageuka mwaka 1782. Mwenye ardhi wakati huo alikuwa Richard Pennant, nao ukoo wake ulikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika kisiwa cha Jamaika, yakilimwa na watumwa kutoka Afrika. Bwana huyu alikuwa Mbunge wa Liverpool, na katika Bunge aliitetea biashara ya watumwa. Alizitwaa zile haki za wachimbaji wadogo, akaviunganisha vishimo vyote vikawa chimbo moja, na wale waliokuwa wapangaji wakawa watu wa kuajiriwa. Kisha akatia fedha. Mwaka 1790 alijenga bandari karibu na Bangor, na mwaka 1801 reli ya magari ya kukokotwa na farasi ikashuka kutoka mlimani mpaka merikebuni. Fedha ile ilitoka wapi? Ilitoka katika sukari ya Jamaika. Kwa hiyo mtumwa aliyekata miwa upande wa pili wa bahari alikuwa na mkono wake katika reli ile, ingawa hakuiona wala hakuisikia.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, nalo likaamua kuwalipa fidia wenye watumwa. Mrithi wa Penrhyn, George Hay Dawkins-Pennant, alipewa zaidi ya pauni 14,600 kwa ajili ya watu 764. Watu wenyewe 764 hawakupewa hata shilingi. Wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba hawatashangaa sana, kwa maana amri ya mwaka 1897 huko kwao nayo ilimfikiria bwana kwanza katika jambo la fidia. Bwana huyu Dawkins-Pennant ndiye aliyejijengea ngome kubwa karibu na bandari yake, yenye minara na kuta nene kama za wafalme wa kale. Ndani yake kipo kitanda kilichochongwa kwa jiwe lile lile la sileti, chenye uzito wa kiasi cha tani moja. Inasimuliwa kwamba Malkia Victoria alipofika mwaka 1859 alitandikiwa kitanda hicho, akakataa kukilalia.

Chimbo likastawi. Miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa ikikua upesi, Manchester, Liverpool na mingineyo, na kila nyumba ya mfanyakazi ilihitaji paa. Mwaka 1831 serikali iliondoa ushuru uliotozwa vigae vilivyosafirishwa kwa bahari, bei ikashuka, wanunuzi wakaongezeka. Hata mji wa Hamburg, Ujerumani, ulioungua sehemu kubwa mwaka 1842, uliponyanyuka tena ulinunua vigae vya Welisi. Kufika mwaka 1898 machimbo yote ya Welisi ya kaskazini, Penrhyn likiwa ndilo kubwa, yalikuwa na watu wapatao 17,000, nayo yalitoa karibu tani nusu milioni za vigae kwa mwaka. Na kwa kila tani moja ya vigae zaidi ya tani kumi za mawe mabovu zilitupwa kando. Ndiyo maana ukienda huko leo utaona milima miwili: mmoja aliouumba Mungu, na mmoja wa takataka uliojengwa na wanadamu, na si rahisi kusema upi ni mkubwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana tusipofahamu namna kazi ilivyopangwa, hatutafahamu kwa nini watu waligombana mpaka wakavunja mji wao.

Mchimbaji wa Penrhyn hakulipwa kwa siku kama kuli. Mafundi wachache waliungana, kwa kawaida wawili wa mwambani na wawili wa bandani, wakachukua kipande chao cha mwamba, upana wa futi 18 hivi. Kila mwezi mnyapara alipita, nao wakapatana naye bei. Mwamba ukiwa mzuri, bei ya kigae hushuka, kwa kuwa kazi ni nyepesi. Mwamba ukiwa mbaya, wenye nyufa na mawe magumu, bei hupanda, ili mtu asife njaa kwa kosa la mlima. Wale wa mwambani walijifunga mnyororo pajani, wakaning'inia ukutani mwa mwamba wakitoboa tundu kwa mtaimbo, kisha wakatia baruti. Wale wa bandani walipasua na kukata. Mapato waligawana.

Patano hili ndilo lililomfanya mchimbaji ajihesabu kuwa ni fundi, mtu anayekaa na mkubwa wake wakasemezana bei kama mnunuzi na muuzaji. Huenda patano lenyewe halikuwa la haki siku zote. Mnyapara mwenye chuki au mwenye kupenda hongo aliweza kumpa mtu mwamba mbaya kwa bei mbaya. Lakini hata hivyo kulikuwa na maneno ya kusema, na mtu aliyasema kwa kinywa chake.

Na watu wale walijua kusema. Saa ya chakula cha mchana walikusanyika katika vibanda vyao vya mawe, walivyoviita caban, birika la chai likiwa motoni. Humo walimchagua mwenyekiti, wakasomeana magazeti, wakashindana kuimba, wakajadili mambo ya dini na siasa, kila mtu akisema kwa zamu. Sisi wa elimu ya watu wazima twaweza kuwahesabu kuwa ndugu zetu. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Bangor mwaka 1884, wachimbaji walichanga kutoka katika mishahara yao ili kijengwe, ingawa wengi wao walikuwa wametoka shuleni wakiwa watoto kwenda kuchukua patasi.

Mji wao ulikuwa wa namna yake. Ardhi ya upande mmoja wa barabara kuu ilikuwa ya Bwana Penrhyn, na upande wa pili haikuwa yake. Kwa hiyo vilabu vyote vya pombe vilipangana upande ule mmoja asiokuwa na amri, na hata leo unaweza kwenda kuvihesabu. Makanisa nayo yalikuwa mengi na makubwa, kwa kuwa wachimbaji hawakuwa wa kanisa la bwana wao. Tazameni basi: tajiri alisema Kiingereza, wao Kiwelisi, yeye Mwanglikana, wao wa madhehebu mengine, yeye katika siasa alifuata Wahafidhina, wao Waliberali. Kati ya ngome na mji palikuwa na maili chache tu, na hayo yote yalisimama katikati.

Mwaka 1874 wachimbaji wa Welisi ya kaskazini waliunda chama chao cha wafanyakazi. Mwaka huo huo watu wa Penrhyn waligoma wakashinda, na katika mapatano yaliyofuata kamati yao ilikubaliwa kuwa ndiyo msemaji wao mbele ya wakubwa. Kwa miaka kumi na moja jambo hilo lilidumu. Lakini mwaka 1885 usimamizi uliingia mikononi mwa mwana wa bwana wa zamani, George Sholto Douglas-Pennant, ambaye mwaka uliofuata alirithi cheo na mali zote. Yeye aliyakataa mapatano ya 1874. Neno lake lilikuwa moja: chimbo ni langu, na mtu mwenye shida na aje mwenyewe, mmoja mmoja, sitazungumza na kamati. Akamleta meneja, E. A. Young, mtu wa hesabu aliyetoka London, naye aliendesha chimbo kwa vitabu vya mahesabu.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulitokea Septemba 1896, chimbo likafungwa miezi kumi na mmoja. Watu walirudi kazini mwaka 1897 bila kupata walilotaka. Kisha meneja akazidi kuwapa makontrakta sehemu kubwa za chimbo, nao makontrakta wakawaajiri watu kwa mshahara wa siku. Mnaona sasa? Fundi aliyekuwa akipatana bei yake aliambiwa awe kuli wa kontrakta. Aprili 1900 meneja akapiga marufuku kukusanya ada za chama ndani ya chimbo. Katika miezi ya Oktoba na Novemba, baadhi ya makontrakta walipigwa na kufukuzwa na wachimbaji wenye hasira. Watu 26 walishtakiwa. Wenzao waliacha kazi wakaandamana kwa miguu mpaka Bangor, kwenye mahakama, nao wakaadhibiwa kwa kusimamishwa kazi siku kumi na nne. Waliporudi, wakakuta vipandio vinane vimeachwa bila patano: watu kiasi cha 800 hawana mwamba wa kuchimba. Wenzao waliopewa mwamba wakasema, hatuwezi kufanya kazi hali ndugu zetu wamekaa. Tarehe 22 Novemba 1900 watu kiasi cha 2,800 waliweka vyombo vyao chini, wakatoka.

Walidhani labda watakaa nje majuma machache. Walikaa miaka mitatu.

Chama kilitoa posho, lakini mfuko haukuwa na kina. Mamia ya wanaume walikwenda Welisi ya kusini kuchimba makaa ya mawe, wakapeleka fedha nyumbani. Kwaya za mji, na mojawapo ilikuwa ya wanawake, zilizunguka miji ya Uingereza zikiimba na kuchangisha. Vyama vya wafanyakazi vya huko vikatoa fedha. Wenye maduka Bethesda wakakopesha mpaka wao wenyewe wakafilisika.

Juni 1901 chimbo lilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka kurudi kwa masharti ya bwana. Watu wapatao 400 wakarudi. Bwana Penrhyn akampa kila mmoja wao sarafu ya dhahabu ya pauni moja, akaahidi kuwaongezea mshahara. Hapo mji ukapasuka, tena ukapasuka vibaya kuliko jiwe lake. Waliorudi waliitwa mikia, na ile sarafu ikaitwa pauni ya mkia. Katika madirisha ya waliogoma karatasi zilibandikwa, zimeandikwa kwa Kiwelisi kwamba katika nyumba hiyo hakuna msaliti. Mtu apitaye njiani alizisoma nyumba moja baada ya nyingine, na penye dirisha tupu hakuhitaji kuuliza. Majina ya waliorudi yakachapishwa magazetini. Makanisa yakagawanyika, watu wakahama viti, ndugu wakaacha kusalimiana. Madirisha yakavunjwa, polisi wakaongezwa, hata askari wa jeshi wakaletwa.

Mimi siwezi kusimama hapa nikawahukumu wale 400. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa na mgonjwa ndani na hawana unga. Wala siwezi kuwalaumu walioandika zile karatasi, maana kila aliyerudi alizidisha siku za njaa ya mwenzake. Ninachoweza kusema ni kwamba yule aliyetoa sarafu za dhahabu alijua afanyalo.

W. J. Parry, mtu wa Bethesda aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa chama, aliandika gazetini maneno makali juu ya Bwana Penrhyn. Akashtakiwa kwa kashifa, na mwaka 1903 mahakama ya London ikamwamuru alipe pauni 500 pamoja na gharama. Wabunge waliliuliza jambo la Bethesda Bungeni, lakini serikali ilikataa kuingilia kati ya mtu na mali yake.

Novemba 1903 mgomo ukaisha. Wachimbaji walishindwa. Waliorudi walirudi kwa masharti ya bwana, viongozi wao hawakupokelewa, na wengi waliokwenda kusini hawakuonekana tena bondeni ila kwa mazishi. Huko Tregarth, ng'ambo ya mto, zilijengwa nyumba nzuri za waliokuwa watiifu kwa bwana, na hata wajukuu walijua ni nyumba za nani.

Bwana Penrhyn naye alishinda nini? Katika miaka ile mitatu wanunuzi hawakukaa wakimngoja. Waliezeka kwa vigae vya Ufaransa na Marekani, na kwa vigae vya udongo wa kuchoma vilivyotoka viwandani kwa bei nafuu. Mnunuzi aliyekwisha kuondoka ni vigumu kumrudisha. Ujenzi wa nyumba Uingereza ukapungua wakati ule ule. Halafu ikaja Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, vijana wakaenda na ujenzi ukasimama. Kisha vigae vya saruji. Kisha vita ya pili. Ile reli ya chimbo, iliyoanza na farasi na baadaye ikapata gari la moshi, ilifungwa mwaka 1962. Mlima wa pili, huko Llanberis, chimbo la Dinorwig lililopata kuwa na watu karibu 3,000 lilifungwa ghafula mwaka 1969, na zaidi ya watu 300 wakapoteza kazi. Machimbo yote ya Welisi yaliyokuwa na watu 17,000 yakabaki na mamia tu.

Kuna jambo jingine lililokuwa likiwapunguza wachimbaji polepole, nalo ni vumbi. Mpasua mawe alikaa bandani akivuta vumbi jembamba la sileti miaka na miaka, likamkaa mapafuni, pumzi ikawa fupi, hata kupanda kilima kwenda kanisani kukamshinda. Na madaktari wa machimbo walisema nini? Walisema vumbi halina madhara, bali mchimbaji anajiharibu kwa chai iliyochemshwa mno! Sheria ya kuwalipa fidia wagonjwa wa vumbi ambao matajiri wao walikwisha kufunga kazi ilipitishwa mwaka 1979. Wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kuzikwa, tena chini ya jiwe lile lile.

Bethesda haikufa. Chimbo la Penrhyn lilitoka katika mikono ya ukoo ule mwaka 1964 likaingia katika mikono ya makampuni, na mpaka leo linatoa vigae kwa mitambo na watu wachache. Ngome ilikabidhiwa shirika la kuhifadhi mali za kale mwaka 1951. Watalii huilipia kiingilio, ingawa walikuwapo wazee wa Bethesda walioapa hawatatia mguu mle, na hawakutia. Mwaka 2013 waya mrefu wa kiasi cha kilometa moja na nusu ulinyoshwa juu ya shimo la zamani, na watu hulipa ili wafungwe kama mizigo waruke kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa pale pale ambapo babu zao wengine walining'inia kwa mnyororo wa paja. Mwaka 2021 UNESCO ikaiandika nchi yote ile ya machimbo katika orodha ya urithi wa dunia. Kiwelisi bado ndicho kisemwacho mabarazani na madukani.

Aliyeuandika mji huo vizuri kuliko wote ni mtoto wake mwenyewe, Caradog Prichard, aliyezaliwa mwaka 1904, mwaka mmoja baada ya mgomo. Baba yake, ambaye watu walimnong'ona kwamba alikuwa mmoja wa waliorudi, aliuawa chimboni mtoto akiwa na miezi mitano. Mama alihangaika na watoto katika umaskini, mpaka akili yake ikashindwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1961 Prichard alitoa riwaya yake kwa Kiwelisi, jina lake maana yake ni Usiku Mmoja wa Mbalamwezi, juu ya mtoto anayekua katika mji wa machimbo kama huo. Imefasiriwa katika lugha nyingi.

Sasa kazi ya vikundi vyenu kwa juma hili. Chukueni mwezi wa Juni 1901. Mume yuko nyumbani tangu Novemba, watoto ni wanne, mwenye duka amesema hakopeshi tena, na asubuhi hii honi ya chimbo imelia. Akina mama waseme kwanza, halafu akina baba: mngebandika karatasi dirishani, au mngemfungia mume chakula chake aende? Katibu wa kila kikundi aandike majibu ya pande zote mbili, pamoja na sababu zake, ayalete kwa mwalimu kabla ya somo lijalo.

Kwaherini kwa leo.